Kilichompeleka Sostenes Mjini Tanga

Melini, baina ya Tanga na Dar es Salaam

Kwa dada yangu Yudith binti Matonya, Mvumi.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuletea salamu wewe, Baba, Mama na wote wa hapo kaya, nikiomba barua hii iwakute mkiwa wazima, na mtama uwe umechanua vizuri mwaka huu. Kikohozi cha Mama kikoje? Niambie ukweli, je, anakunywa dawa ya misheni au anaimwaga nyuma ya tembe? Mama yetu namjua. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma humu, na nakusihi uyasome ukiwa umekaa.

Kama ujuavyo, Bwana wetu wa reli alipewa mapumziko, akaamua kuwatembeza Bibi na watoto kwa meli ya abiria: Dar es Salaam, Unguja, Tanga, kisha kurudi. Ni kujistarehesha tu, hakuna kazi wala mgonjwa wa kumwona. Mimi nimechukuliwa kwa ajili ya watoto, na Sostenes mchumba wako kwa ajili ya jiko, maana tumbo la Bwana halipokei chakula cha mpishi mwingine. Bahari nimeiona. Maji yote haya na hayanyweki! Kwetu watu wanachimba mchanga wa korongo kutafuta kata moja ya maji, huku yamejaa mpaka mwisho wa macho na hayafai kitu. Samaki sijagusa, wala sitagusa. Wananicheka, na wacheke.

Mpango wa Tanga ulikuwa tushuke asubuhi, tupande gari moshi la kwenda milimani, Wazungu wakale chakula chao kwenye baridi, jioni turudi melini. Kuku walikwisha kukaangwa, vikapu vimefungwa. Tumefika gatini kwa mashua, akaja karani wa meli jasho likimtiririka, akasema gari moshi haliendi, mvua imebomoa njia huko mbele. Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, hata kiwingu cha kumtia kifaranga kivuli hakuna. Nikajiuliza ni mvua gani hii inayomnyeshea karani peke yake. Bwana, ambaye reli ndiyo kazi yake, aliamini. Mimi mpaka sasa naona mwenye hoteli ya pale ufukweni, aliyetuuzia bia kutwa, anajua zaidi habari ya mvua ile.

Wazungu wakanung'unika, kisha wakapoa. Wakapanga viti kivulini karibu na maji, wakafungua vikapu vile vile vya milimani, bia zikaletwa, mzee mmoja akalala kofia usoni. Watoto wakachimba mchanga wakafurahi kuliko ambavyo wangefurahi kwenye gari moshi. Bibi akaniambia niende nikatembee mjini, watoto atawaangalia yeye mpaka mashua za jioni. Bibi huyu, dada, ambaye huniita nimfute mtoto kamasi hali amempakata mwenyewe! Nikasema hapa pana jambo. Lakini ruhusa ni ruhusa.

Sasa sikia habari ya Sostenes. Asubuhi, wakati safari ya milimani bado ipo, alikuwa amenuna, hasemi na mtu, amebeba kikapu kama aliyetumwa kubeba maiti. Karani alipotoa habari zile, kila mtu alikunja uso isipokuwa yeye. Alianza kuimba tenzi puani! Akapangua vyombo upesi, akaomba ruhusa kwa Bwana, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, akakitia kwapani na kushika njia. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akajibu anakwenda kunyoosha miguu. Hivi mtu ananyoosha miguu na kitambaa cha nini?

Unanijua, sina moyo wa kulala na swali. Nikamfuata. Alipita sokoni bila kununua hata limau moja, na mpishi gani anapita sokoni namna ile? Alimuuliza njia muuza kahawa, wakanong'onezana, muuza kahawa akacheka na kumpiga begani. Mwisho akaingia kichochoro cha nyumba za makuti, akabisha mlango. Akafungua mwanamke, dada. Mzuri, kanga safi, wanja machoni. Akamtazama Sostenes usoni, akatabasamu, akamshika mkono, akachungulia huku na huku, akamwingiza ndani na mlango ukafungwa. Mimi nimebanwa kwenye ua wa jirani, nimeng'ang'ania vijiti vyake kwa hasira.

Mwenye ule ua, anaitwa Mwajabu, alikuwa anakaanga mihogo. Akaniuliza nimepoteza nini uani kwake. Nikasema nataka mihogo. Nikanunua, nikala huku nimekodoa macho, nikamuuliza kama mzaha ile nyumba ni ya nani. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema ni ya Mwanahawa, na kwamba wanaume wa bara wote wanaijua nyumba ile, hasa askari. Huingia wamechangamka na hutoka wameshika vichwa. Mungu wangu! Nilikuona wewe huko Mvumi unashona nguo za harusi. Niliwaona ng'ombe wa mahari ambao Baba amekwisha kuwapokea. Mara nikasikia sauti ya Sostenes ndani ikiguna, na mwanamke akimbembeleza atulie, kidogo tu, inakwisha. Mihogo ikaanguka. Sikubisha hodi. Niliusukuma ule mlango nikaingia na maneno ambayo mwalimu wetu wa misheni hakunifundisha.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, kichwa kimelala mapajani mwa Mwanahawa. Na mbele yao amechuchumaa mwanamume, mumewe, Shaaban, mtu wa kufunga vidonda hospitali ya askari, mkononi ana sindano na uzi. Kitambaa cheupe kimelowa damu. Dada, alikuwa akimshona sikio. Ndewe ya kushoto, ile iliyokuwa ikifika karibu na bega, ilikuwa imekatwa na kupunguzwa, na sikio limekuwa dogo kama la Mdachi.

Shaaban alinieleza kwa upole kwamba ni kazi yake ya siku zote, kwamba askari na maboi wa bara huja kwake kwa sababu watu wa pwani wanawatania kwa masikio yao ya kuning'inia, na kwamba mkewe kazi yake ni kushika kichwa tu. Kabla hajaanza sikio la pili, meli ikapiga honi. Tuliambiwa mashua ni jioni, kumbe mpango umegeuka tena, kwa habari ya maji kupwa. Tukatoka mbio mimi na Sostenes, yeye amefungwa kichwa, damu inachuruzika shingoni. Kule ufukweni Bibi alipiga kelele, na Bwana alicheka mpaka akakohoa. Wenzetu wote walipanda mashua wamepumzika.

Njiani nilimsema vibaya. Unakumbuka siku ya posa Baba alivyonena mbele ya wazee: kwamba hagombani na Ukristo wa Sostenes wala upishi wake, lakini ndewe zake zibaki. Ni tangu binamu yetu Nikodemo aliporudi kutoka pwani na masikio ya kushonwa, akawapita wazee bila kuwasalimu, akasemeshwa Kigogo akajibu Kiswahili. Baba aliapa kwamba mtu wa namna hiyo hapewi binti yake hata alete zizi zima. Wewe ndiye uliyekuwa unagawa togwa siku ile. Ulisikia kama nilivyosikia mimi.

Nikamuuliza Sostenes ni shetani gani aliyemtuma. Alicheka, pamoja na maumivu yale, akasema si shetani, ni Yudith. Akasema siku ya kuondoka, pale stesheni ya Dodoma, ulimshika mkono ukamwambia unaona haya kusimama kanisani na masikio ya porini, na kwamba akiyashona huko pwani utajua anakupenda. Nilipomkumbusha neno la Baba, alisema ulimhakikishia kwamba Baba utamlainisha wewe mwenyewe.

Dada, nani amewahi kumlainisha Baba? Wewe?

Siku nzima nilimshuku karani, nikamshuku Bibi, nikamshuku Mwanahawa wa watu ambaye hakunikosea lolote. Sikufikiri hata kidogo kukushuku wewe. Sasa nakushuku. Nadhani humtaki mtu huyu, na hutaki kumwambia. Umeona afadhali Baba ndiye amkatae, wewe ukalie kwa Mama kama uliyeonewa. Kama nimekosea, niandikie unitukane, nitapokea kwa furaha. Lakini fanya upesi. Sikio moja limeshonwa, moja bado. Tutakaa Dar es Salaam kidogo kabla ya kupanda gari moshi, naye amekwisha kuulizia mtu wa kummalizia la pili. Ana homa, amelala karibu na mahali ninapoandikia, na kila akiamka ananiuliza kama nadhani utapendezwa.

Nami nikuambie langu, kwa sababu siwezi kukushuku wewe nikajificha mimi. Nilijidanganya kwamba namfuata kwa ajili yako. Mtu anayelinda mchumba wa dada yake hasukumi mlango wa watu vile. Mwanahawa, nilipokwisha kuwatukana wote, aliniuliza taratibu kama mimi ndiye mkewe. Sikukana, dada. Nilikaa mkekani nikamshika mkono mpaka uzi ulipofungwa fundo.

Kwa hiyo nakuomba: kama unamtaka, mwambie aache sikio lililobaki, kisha uende ukapige magoti mbele ya Baba wewe mwenyewe. Kama humtaki, sema kwa kinywa chako, asijikate tena kwa ajili yako.

Msalimie Baba, usimsomee barua hii. Mpe Mama salamu yangu ya mbukwenyi na umbusu mikono. Majirani wote waambie nawakumbuka, na kwamba bahari si kitu cha kuwanyima usingizi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na ninayengoja jibu lako kwa hofu zaidi kuliko yeye,

Hana binti Matonya