Kilio ya Baba mu Albamu Yangu

Yaya yangu mupenzi, dada mukubwa wangu,

Jambo kwako na kwa mama. Magoti yake inaendelea namna gani? Na weye, batoto benye unafundisha ku masomo habajakumaliza bado nguvu? Huku Bulaya niko muzima wa mwili. Moyo njo iko mugonjwa, na bugonjwa nilijitafutia minyi mwenyewe.

Unajua niliacha orkestra yetu ya rock. Sasa nilisha kumaliza albamu yangu ya kwanza bila benzangu. Hakuna gitare, hakuna ngoma. Iko sauti yangu nilikata-kata, na makelele ya chuma kwa chuma, sawa ku gare yetu wakati banafunganisha wago za treni. Mama akisikia, atasema redio iliharibika.

Lakini mwimbo ya mwisho iko na sauti ya mama.

Siku ya kuzika baba, makaratasi ilinikatalia kusafiri, na weye ulinishikia simu karibu na mama. Kilio yake niliikamata yote mu simu yangu, yaya. Analia kwa Kiluba, anaita baba kwa majina ya sifa, kisha anauliza juu yangu: "Na ule mutoto wa kutupa udongo ku kaburi, iko wapi?" Njo ile niliweka mu albamu bila kuuliza muntu.

Unakumbuka nkambo, muzee wetu, alitupiga juu tuliimba nyimbo ya kilio tukicheza? Alisema inaita kifo ku nyumba kwenye hakuna maiti. Nilijua, na nilifanya tu.

Juma iliyopita fundi ya sauti aliita bantu basikilize. Sauti ya mama ilipoisha, balipiga makofi. Bibi moya alitoa machozi, akaniuliza ule mwimbaji ni nani. Nilimujibu: muntu moya wa kwetu. Haya ilinikamata, yaya. Nilikana mama mbele ya bageni.

Albamu itatoka karibu. Fundi anasema bila mwimbo ile haina kichwa wala miguu. Basi nakuomba, umukalishe mama, umuambie yote, hata pale nilimukana. Akikataa, nitaondoa mwimbo ile mu albamu, hata kazi ya myaka mbili ikufe.

Usalimie bwana yako, na baba mudogo wetu ule wa kwaya ku kanisa. Aniombee, hata kama atakasirika akisikia habari hii.

Lakini mama asiniombe kuifuta mu simu yangu. Ninyi benyewe mulizika baba, mulimuona. Minyi, kilio ya baba nilifikia njo hii tu, ya mu simu.

Mudogo wako,
Ilunga