Maji ya Bahari Kwenye Kidonda cha Abbasi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Tabora, tarehe 18 Machi 2024

Jina: Mwanajuma Shaban. Umri: miaka 63. Kazi: muuza vitumbua. Makazi: Ng'ambo, Tabora.

Mimi ni mama mzazi wa marehemu Abbasi, fundi wa kuchomelea vyuma. Majidi, aliyewaambia kwamba Batuli alimtilia mumewe Abbasi sumu kwenye kidonda, naye nimemzaa mimi. Sikuitwa hapa, nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 11 Machi bati lilimkata Abbasi mguuni. Kilikuwa kidonda kidogo, ila mwanangu huyo alikuwa anaumwa ini tangu mwaka jana.

Tarehe 13 Majidi alishuka na treni ya Dar es Salaam, ana dumu la maji ya bahari. Huku kwetu maji hayo huagizwa kama dawa, watu huyaogea kuondoa mikosi. Akasema, "Kaka, tuoshe na haya. Chumvi inaua kila kitu."

Batuli akamwambia, "Shemeji, twende hospitali kwanza."

"Mtu wa kijijini Kigwa utajulia wapi mambo ya bahari?" Majidi akamjibu. Na yeye mwenyewe bahari ameiona mara mbili tu. Alimimina maji kwa mkono wake, mimi nimekaa palepale.

Kesho yake mguu ulivimba, ukatoka malengelenge meusi. Batuli ndiye aliyekimbilia bajaji. Tarehe 15 Abbasi alifariki hospitalini. Daktari alitueleza kwamba kuna bakteria wanaoishi kwenye maji ya bahari, chumvi haiwaui, na wakiingia kwenye kidonda cha mgonjwa wa ini humaliza mtu haraka. Tuliporudi nyumbani nilimwona Majidi akimwaga chooni maji yaliyobaki. Habari ya sumu ilianza baada ya maziko.

Najua hakukusudia, na namwonea huruma. Lakini mmemtoa Batuli kwenye eda, analala kwenye sakafu yenu, na hata kumlilia mumewe hajamaliza. Inaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Nimeulizwa kama naelewa kwamba maneno haya yatamponza mwanangu niliyebaki naye. Naelewa. Andika.

Niliyoyaona ni hayo, sina la kuongeza.

Dole gumba la shahidi: Mwanajuma Shaban

Maoni ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Majidi amefika kumchukua mama yake. Shahidi amekataa kuondoka bila mkwewe Batuli, na hadi sasa amekaa kwenye benchi la mapokezi.