Kilichomo Tumboni mwa Birika

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unasemaje, na kitambi je? Sisi wazima. Mume wangu anakusalimu. Barua zangu huzisoma yeye kwanza, ndipo nizifunge.

Nakutumia picha niliyochora: meza ya jikoni asubuhi, birika, vikombe viwili, nusu mkate. Yeye kaitazama, kasema, "Vyombo tu hivi." Nimefuata kanuni yako ya kuchora vibao vya maduka: chora kilichopo, usiongeze hata nzi. Itazame bila haraka.

Mpwa wako


11 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba. Mgongo unalalamika, kitambi kinashamiri. Barua hii nimempa dada anayekuuzia rangi, akutie mkononi wewe mwenyewe.

Picha nimeitazama kwa miwani, nikaitazama bila miwani. Nikautamani mkate, mlafi mimi. Mke wangu ndiye aliyesema, "Mzee, achana na mkate, angalia birika." Linavyong'aa! Tumboni mwake kuna mlango, mlangoni kasimama mwanamume, mkononi ana mkanda kaukunja mara mbili. Nikakaa chini. Ni mimi niliyekufundisha usiongeze hata nzi. Basi mkanda upo.

Usinijibu. Jumamosi saa nne asubuhi nafika na kaka zako wawili, na pikapu yangu ya kubebea vibao. Wewe fungasha brashi, mengine tutabeba hivyo hivyo. Akisema hutoki, nitasimama mlangoni. Ujasiri sina mwingi, ila upana Mungu kanijalia. Mlango ule hautafungika.

Mjomba wako, fundi vibao


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mkwaruzo wa shavuni umepona? Mke wako asikutanie sana. Mlangoni hukusogea hata inchi moja. Ila kofia yako uliisahau kule, na hatuirudii.

Chumba changu kidogo, lakini kina dirisha. Jana alikuja. Akabisha taratibu, sauti ya upole kabisa: "Fungua, mke wangu, tuyamalize." Nikamjibu nikiwa ndani, "Yameshakwisha." Safari hii komeo liko upande wangu. Mwishowe nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi. Nikachovya brashi, nikaendelea kuchora.

Picha ndiyo hii. Birika ni lile lile, nililipakata njia nzima. Kikombe kimoja. Mkate mzima, uule kwa macho. Tumboni mwa birika utaona mwanamke ana brashi, na nyuma yake mlango umefungwa.

Sijaongeza kitu.

Mpwa wako