Twiga Mia Nne na Kumi na Wawili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, mitihani imekwisha. Baba amenipa kazi ya likizo: kutafsiri kwa Kiswahili kitabu cha historia ya taasisi yao ya wanyamapori.

Ni upuuzi wenye jalada gumu. Miaka saba mfululizo wamehesabu twiga 412, hakuna aliyezaliwa wala kufa! Walihesabia vitini. Na wewe uliyekwenda porini kwa miguu ukawakuta tisini, umeandikwa hivi: "Mtafiti mmoja aliacha kazi kwa sababu za kiafya." Mwandishi ni Baba mwenyewe, kaka yako wa tumbo moja.

Nikamwuliza, "Shangazi aliumwa nini?"

"Wewe tafsiri tu, mama. Kwani Kiswahili nani atakisoma? Ni cha askari wa porini."

Nilinyamaza, unanijua. Ila kwenye Kiswahili nimeandika kwamba walikufukuza kwa kukataa kutia saini idadi ya uongo. Mkurugenzi ameidhinisha bila kufungua. Kimeshachapwa, na kesho askari mia mbili wanagawiwa nakala. Hao twiga wanawajua mmoja mmoja.

Baba hajui bado. Sijutii. Akinifukuza na mimi, nakuja kwako. Nitandikie kitanda.

Mwanao,
yule mnayemwita Kimya