Usijifute Machozi

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Mkula tu wazima. Mama yako anavuna mpunga, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Unaniuliza kama uache udaktari, kwa kuwa mwalimu alikuhoji kuhusu neva za kichwa, ukalia, naye akacheka. Uache? Kwa ajili ya kicheko?

Nilipokuwa nasomea utabibu Ifakara, mwalimu alinisimamisha nieleze njia ya neva inayoleta machozi. Nikakwama, nikaanza kulia. Akasema, "Rudi kwenu ukaamie ndege mpungani." Darasa zima likacheka.

Basi hasira zikanipanda. Kuamia ndege nakujua tangu utoto: ukiondoka shambani kabla jua halijazama, mpunga huo ni wao. Sikuondoka. Wala sikujifuta. Chozi liliponifika mdomoni, niliyoyasoma yakarudi. Nikaweka kidole karibu na sikio.

"Neva ya saba inatoka kwenye shina la ubongo," nikasema, kidole kikipita shavuni. "Inafika kwenye fundo lililojificha nyuma ya pua, inapokewa na nyingine, na hiyo inadandia neva ya tano mpaka kwenye tezi juu ya jicho. Ndiyo haya unayoyaona, mwalimu."

Akasema, "Haya, kaa."

Nikamwambia, "Bado mate. Nayo yanaletwa na neva hiyo hiyo ya saba."

Kwa hiyo rudi kwa huyo mwalimu wako. Ukilia tena, mwonyeshe kwa kidole yanakopita, na usikae mpaka umalize.

Bibi yako wa Mkula