Shati la Abdías Limevuka Mto

Kijiji cha Santa Rufina,
Mto Madre de Dios.
19 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Hermelinda,

Pokea salamu kutoka huku kwetu mtoni. U hali gani huko Lima? Mgongo unaendeleaje, na huo ukungu wenu usioisha? Sisi kwa nje hatujambo. Mzee wangu Teodoro goti linamsumbua, ila samaki bado anavua na kelele bado anapiga. Muhogo umekubali sana mwaka huu, pombe yake ndiyo usiseme. Umeikosa, pole zako, mwanamke wa mjini.

Salamu ndiyo hizo. Sasa kaa chini, Herme, maana moyo wangu uko juu juu.

Mwanao Abdías yuko hapa kwangu, yuko hai, anakula. Nimemfungia chumba cha nyuma kwa amri ya kikao cha kijiji, na mlangoni amekaa Teodoro na goti lake. Usinilaumu kabla hujamaliza kusoma.

Siku aliyoshuka kwenye boti ya mizigo nilimpigia vigelegele. Kijana mrefu, nadhifu, Biblia kwapani, na Kiyine, lugha yetu, alichofundishwa na marehemu mama yetu kinamtoka vizuri kuliko vijana wetu wa hapa. Nilijua kanisa lenu limemtuma kuhubiri, nikadhani anatuhubiria sisi. Si naimba kwaya mwenyewe? Kumbe sisi tulikuwa njia tu. Aliowataka ni ndugu zetu wa ng'ambo ya mto.

Uliondoka hapa ukiwa msichana, lakini hao hujawasahau. Mabwana wa biashara ya utomvu wa mpira walipowatia babu zetu minyororo, wengine walitorokea msituni, na hawajatoka mpaka leo. Waliwakimbia watu waliokuja kwanza na zawadi, mama alikuwa haachi kutukumbusha. Lugha yao ni yetu, tunaelewana. Kiangazi wanajitokeza pale mto unapobana, wanapiga mluzi wa kwale, wanaita, "Ndugu! Ndizi!" Nasi tunapakia mikungu kwenye mtumbwi mkuukuu wenye kamba, bila mtu ndani, tunausukuma. Wakishapakua, tunauvuta. Mwenye mafua hagusi hata kamba, kwa sababu mafua yanayokulaza wewe kitandani, wao yanawalaza kaburini. Anayevuka anapigwa mshale, na mishale yao haibahatishi. Wao ndivyo walivyotaka, na sisi tumewaheshimu.

Abdías akasimama kikaoni. Akanigeukia mimi kabisa, mbele ya watu.

"Mama mkubwa, nyie mna dawa, mna shule, mna Yesu. Hao ni ndugu zenu, halafu mnawatupia ndizi kama mifugo? Siku ya hukumu mtajibu nini?"

Nikuambie kweli, yalinichoma. Mwaka jana nilimwona mama mmoja kule ng'ambo anachechemea, mguu umevimba, na dawa ninayo kabatini. Hilo halijanitoka. Lakini nikamwuliza mwanao, "Wamekuita?" Akaifungua Biblia yake. Nikamwambia, "Ndizi wanaziita kwa jina. Wewe bado." Vijana wachache walikuwa upande wake, wakazomewa. Mwenyekiti wetu, mama Romelia, akamalizia: ukitia mguu majini, tunakurudisha kwa mama yako umefungwa kama mkungu.

Akatii. Au mimi ndiye niliyedhani ametii. Na chafya alikuwa nazo tangu afike. Vumbi la safari, anasema. Vumbi gani mtoni, jamani?

Wiki iliyopita wakatoka. Mluzi, kisha sauti. Tukapakia, tukausukuma mtumbwi, mimi mwenyewe nikiwa pale kwenye kamba. Nikamwona mwanamke amebeba mtoto kiunoni, anainua kitu cha buluu kutoka chini ya mikungu. Akakinusa, akacheka, akamvika mtoto. Nikasema labda ni kipande cha turubai. Nageuka, mwanao huyo nyuma yangu, machozi ya furaha yanamtiririka.

"Mama mkubwa, mlango umefunguka. Lile ni shati langu."

"Shati lipi?"

"La buluu. Alilonishonea mama."

"Lile ulilokuwa unapengea kamasi?"

"Lakini nililikunja vizuri," akasema.

Nilimzaba kofi, Herme. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa wengine. Kisha sote tukapiga kelele mpaka koo zikakauka: "Livueni! Lichomeni! Lina ugonjwa!" Wao wanaona shati zuri na mtoto anacheka, wanatupungia mikono. Wakabeba ndizi zao wakaingia msituni na shati lile.

Tangu hapo kijiji kizima kimetega masikio. Wanawake wanafua bila kupiga soga. Mbwa akibweka anapigwa jiwe. Abdías alilala na homa, mafua hasa, sasa amepata nafuu, na ananiomba nimfungulie akawaombee kutoka ukingoni. Thubutu! Muuguzi wa serikali naye amekuja na boti yake, anasema hawezi kuvuka. Akivuka na dawa atavuka na maradhi mengine, na mshale unamngoja. Kwa hiyo anakaa kwenye gogo anatazama ng'ambo kama sisi, na sanduku lake la dawa mapajani.

Na mimi, mwenye mdomo mrefu hivi, sina la kufanya. Hilo ndilo linaloniua. Ngoja, Romelia ananiita mtoni.

Nimerudi. Utanisamehe mwandiko.

Leo hakukuwa na mluzi. Tulianza kusikia kikohozi, ndipo wakatoka wachache. Wawili wakakaa mchangani, hawawezi kusimama. Wala hawakuomba ndizi. Tukawasukumia mtumbwi hivyo hivyo, umejaa, na hawakugusa hata mkungu mmoja. Yule mwanamke akaingia majini mpaka magotini, akaweka kitu juu ya ndizi, akausukuma uturudie. Tukauvuta.

Lilikuwa shati. Wamelikunja vilevile walivyolikuta.

Kiunoni mwake hapakuwa na mtoto. Nikapaza sauti, "Dada! Mtoto yuko wapi?" Akanitazama sana. Akasema, "Chukueni chenu." Akageuka, na wenzake wakawainua wale wawili, wakaondoka.

Nilimfungulia Abdías nikamwonyesha shati. Hakunitolea mstari wowote wa Biblia. Alikaa chini pale pale matopeni na suruali yake safi, akaniuliza, "Mama mkubwa, wale wengine watapona?" Nikamwambia sijui. Nilitaka kumpiga tena, nikajikuta nimemshika kichwa. Muuguzi akalichoma shati.

Kesho mwanao anaondoka na boti ya muuguzi, na barua hii atakuletea yeye. Mpokee, mpikie, ni mtoto wetu. Usimtupe, na usimfunikie kosa lake.

Ila nakumbuka ulivyoniambia kwa furaha kwenye redio ya mawasiliano kwamba kanisani kwenu kuna ibada ya shukrani inamngoja, na wewe mama yake utatoa ushuhuda kwamba amewafikia wasiofikiwa. Simama, mdogo wangu, usikatae. Vaa gauni lako jeupe, usimame mbele ya watu wote. Waambie amewafikia kweli. Kisha waambie habari za mtoto wa ng'ambo tuliyemwona akivikwa shati la buluu ulilolishona wewe, na kwamba lilimfika miguuni.

Nisalimie shemeji Isaías, na Keila na mchumba wake. Teodoro anakusalimu, na Romelia pia, ingawa leo hataki kuongea na mtu. Mungu aliyewaumba watu wa kingo zote mbili akutunze wewe na nyumba yako, na wale wa kule awatunze Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, maana mikono yetu si safi.

Akupendaye leo kama jana,
Dada yako,
Zoraida