Meja kutoka Mau Narok

Jumatatu, 3 Machi

Kutoka Longonot mpaka Mau Narok hakuna mwanaume mwenye mgongo kama wangu. Naandika hivyo kwa sababu ni ukweli, na hakuna mwingine wa kuniandikia. Leo nimepakia lori la waru, viazi vya gunia, karibu peke yangu. Wenzangu watatu walikuwepo, lakini hao ni mapambo. Mama mwenye shamba akaniuliza huwa nakula nini. Nikamwambia, wivu wa watu.

Alicheka, akanipa mtoto wa mbwa. Bure. Walikuwa sita kwenye ghala la ngano. Nikainua mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, vile inatakiwa, maana anayelia ni mwoga. Watano wakalia. Wa sita akaning'ata kidole. Nikasema ni huyu.

Mweusi, kifua cheupe, sikio moja limesimama na lingine limelala. Miezi mitatu. Njia yote mpaka nyumbani Lanet alikaa ndani ya gunia, kichwa nje, akibwekea ng'ombe. Ng'ombe wote. Hakuruka hata mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Jina ni Meja. Hapa tumepakana na kambi ya jeshi, hata mbwa lazima awe na cheo. Ujenerali atapata akikua.

Mathe hakufurahi. Alisimama mlangoni na mwiko. "Wewe mwenyewe sijamaliza kukulea, na umeniletea wa pili?" Shiro, dada yangu mdogo, akacheka mpaka akakaa chini. Nikawaambia watanishukuru mwizi akikuja. Mathe akasema mwizi akiingia hapa atatuachia kitu kwa huruma.

Meja amekula sabuni ya kufulia. Kipande kizima. Hajatapika. Huyo ni chuma.

Alhamisi, 6 Machi

Vitu vimeisha: ndala ya mathe ya kushoto, daftari la Shiro la hesabu (mwenyewe hakulia sana), kona moja ya godoro langu.

Leo amefukuza kuku wa jirani mpaka wakapanda juu ya choo. Kuku saba kwa mabati, na yeye chini, mdogo kama pakiti ya unga, akiwatukana. Niliona fahari vile mzazi huona siku ya matokeo. Mathe hajawahi kuona hiyo kwangu, lakini nadhani ni hivyo.

Nikamwita. Hakukuja. Nikamwita na sauti ya kiume. Akakuja, akakojolea gamubuti yangu.

Bado anazoea jina.

Jumapili, 9 Machi

Mbaya. Meja amevuta kitambaa cheupe cha mathe cha kanisani kutoka kwa kamba ya nguo na kukitembeza kwa matope mpaka barabarani. Mathe alikiokota, akakikunja na matope yake. Hapo ndipo nilijua iko shida.

Hukumu yake: "Jumamosi kuna chanjo ya mbwa kwa chifu. Mnaenda. Akiitwa mbele ya watu akuje, anabaki. Asipokuja, Jumatatu anapanda lori kurudi Mau Narok."

Nikasema hata leo niko tayari.

Siko tayari. Sitaki arudi. Nimeandika mara moja na sirudii.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kwa mtaalamu. Mzee Koech, soja anayelinda duka la vifaa vya ujenzi, amelea mbwa wa ulinzi tangu sijazaliwa. Akaniambia, "Kijana, huyo wako anacheza kwa sababu hana hasira. Mtilie pilipili kichaa mbili kwa ugali. Hasira ikishaingia kwa damu, atajua mkubwa ni mmoja."

Mbili ni za mbwa wa kawaida. Nikaweka nne. Mathe alikuwa sokoni, Shiro shuleni. Nikamlisha na mkono wangu, ndio ajue dawa imetoka kwa nani. Alikuwa na furaha sana. Mkia ulikuwa unatingisha mwili mzima. Akameza matonge mawili, akalamba vidole vyangu, halafu akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia kwa mbwa.

Akasugua mdomo kwa mchanga. Akanywa maji ya beseni yote. Akasugua tena.

Dawa kali ndio hufanya kazi.

Jumatano, 12 Machi

Ametulia. Amelala chini ya mkokoteni siku nzima. Hata gamubuti hajagusa. Nilimpelekea ugali na maziwa, akakataa. Ni joto. Shiro akachukua sahani ileile, akampa, akala yote. Wasichana wanajua kubembeleza.

Hiyo dawa inataka siku kadhaa.

Ijumaa, 14 Machi

Mazoezi tangu nirudi kutoka kazi. Nimemwita labda mara thelathini. Anasimama, ananiangalia, anakaa chini palepale. Nimewaambia vijana wa steji ya matatu kwamba ni nidhamu, mbwa wa cheo hakimbilii mtu ovyo. Wameamini. Mimi nikiongea watu huamini.



Jumamosi, 15 Machi

Kwa chifu kulijaa. Mbwa wa Lanet nzima. Wengine kwa kamba ya katani, wengine kwa waya wa stima, mzee mmoja alileta wake kwa wilbaro akiwa amefunikwa na beseni. Mimi nilimfunga Meja na tai yangu ya shule. Tangu niache Form Two haijapata kazi nzuri hivyo.

Tulikuwa karibu kufika mbele. Jibwa moja la rangi ya udongo likamngurumia. Meja akaliruka usoni. Usoni! Tai ikafunguka. Jibwa likakimbia na mwenye mbwa nyuma yake, mbwa wengine wakaona ni siku yao, kamba zikashikana, watu wakaanguka. Daktari wa mifugo alipanda juu ya meza na sindano zake. Na katikati ya vumbi lote ni Meja, amesimama, anabweka kama ndiye ametoa amri.

Mtu akauliza, "Huyo shetani ni wa nani?"

Nikapaaza sauti, "Wangu!" Sijawahi kusema neno na kifua hivyo.

Mathe, aliyekuja kujionea, alikuwa amekunja mikono. "Basi mwite."

Watu wakapisha nafasi. Nikachuchumaa. Nikanyoosha mkono, nina kipande cha mkate. "Meja! Meja, kuja." Akaanza kuja. Hatua tano hivi, mbio kabisa. Halafu akaona mkono. Akasimama. Mkia ukaingia katikati ya miguu. Nikamwita tena, polepole. Akarudi nyuma.

Jamaa mmoja akasema, "Boss, huyo umemkodi?" Wakacheka wote.

 Mathe akainama, akakusanya sketi. "Kuja hapa, mkorofi wewe." Meja akapita katikati ya miguu ya watu, akajificha chini ya sketi yake.

Sindano hakulia. Wale mbwa wakubwa walilia wote. Karani akauliza mwenye mbwa ni nani. Nikajifanya nakunja tai. Mathe akasema, "Andika huyu kijana wangu."

Njiani nikamwuliza kama lori ni Jumatatu asubuhi au mchana.

"Lori gani? Nilisema akiitwa akuje. Ameitwa, amekuja."

Jumapili, 16 Machi

Kadi ya chanjo nimeipigilia msumari ukutani sebuleni. Jina la mbwa, Meja. Mwenye mbwa, mimi. Ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali yenye jina langu ambayo mathe ameisoma akitabasamu. Majirani wamepita kumwona. Mwenye kuku pia. Nimewasimulia vizuri. Kwa hadithi yangu majibwa yaliyokimbia yalikuwa kumi, na hapo nimepunguza.

Baada ya chakula wageni walienda. Nikanawa mikono na sabuni, mara tatu. Nikachukua ugali mtupu, nikakaa chini uani, nikamnyooshea. Alikuja nusu ya njia. Akanusa hewa. Akalala hapo, macho kwa vidole vyangu.

Nikauweka ugali chini, nikaondoa mkono. Akangoja mpaka nimeuficha nyuma ya mgongo ndipo akala.

Mathe hajui. Shiro hajui. Nyumba nzima inafikiri ananiogopa kwa sababu ya kelele zangu. Si kelele. Ni zile pilipili nne. Wiki mbili nimejisifu vile namfundisha, na nimemfundisha kitu kimoja tu, akakishika mara ya kwanza: asile kutoka kwa mkono wangu.

Ana akili, huyo mbwa. Mimi ndio sikuwa nayo.